Barua ya Kizimba

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Mafundi walikuwapo wengi, wa viatu, wa saa na wa mabomba, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule mama wa cherehani, aliyekaa kibarazani pake tangu asubuhi, futi ya kamba shingoni na pini tatu midomoni, akishona sare za shule. Mguu wake ulikanyaga cherehani, macho yakafuata mshono, lakini masikio yalikuwa chumbani nyuma yake, kwa kitindamimba wake, binti wa miaka kumi na mmoja. Hakusikiliza mtoto anasema nini. Alisikiliza anapumua vipi.

Binti alikuwa na pumu. Fundi aliijua pumzi ile hatua kwa hatua: kwanza kikohozi kikavu, kama mtu anayesafisha koo, kisha mluzi mwembamba, kisha mabega kuanza kupanda na kushuka. Mabega yakishaanza, huna muda wa kutafuta kandambili. Kwa ajili ya vumbi la vitambaa alitoa cherehani nje, akawa anashona na jua la usoni. Lakini moshi wa taka hakuuweza. Mwaka ule alishamkimbiza mtoto zahanati mara mbili, amembeba mgongoni, msichana mkubwa miguu inaning'inia. Mara ya pili tabibu alimwambia bila kuzunguka kwamba mtoto huyu asikae karibu na moshi wala uvundo, na kwamba safari ya tatu huenda wasiwahi kufika.

Moshi wenyewe ulitoka kila upande. Lori la taka la manispaa lilikuja lilipojisikia, na lilipokuja halikuingia vichochoroni. Basi kila mmoja alichoma taka zake kwa saa zake. Huyu asubuhi, yule mchana, mwingine alasiri. Fundi alikuwa akifunga dirisha, akifungua, akifunga tena, mpaka bawaba ikalegea.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ulipoitwa, yeye ambaye siku zote alikaa nyuma karibu na mlango alisimama akasema jambo la taka. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mcheshi aliyeishi kwa kutengeneza baiskeli, aliwaeleza njia ilivyo. Manispaa, alisema, haina masikio, ina macho tu. Ukipiga kelele haisikii, ukiandika inasoma. Wakazi waandike barua ya kuomba kizimba, yaani kile kiboma cha matofali kinachofika kifuani, wazi upande mmoja, ambamo watu wote hutupa taka mpaka lori lije kuzizoa. Barua itapita kwake, ipigwe mhuri, iende ofisi ya kata ijadiliwe na kamati, kisha ipande manispaa kwa ofisa afya, na mwisho madiwani waipitishe kikaoni.

"Nani ana mwandiko?" aliuliza.

Wote wakamgeukia Fundi. Alikuwa amemaliza darasa la saba na mwandiko wake ulisimama wima kama marinda ya sketi. Akapewa kalamu.

Kazi ilikwenda vizuri. Waliandika adha ya moshi, waliandika nzi, waliandika watoto, na hapo Fundi aliandika kwa moyo wote, maana alikuwa na mtoto mmoja kichwani. Wakafika kwenye mstari wa mahali kizimba kitakapojengwa. Mama Mapacha, jirani wa mkono wa kushoto, akasema popote pale isipokuwa kwake, ana wachanga wawili. Muuza mkaa akasema na kwake wasithubutu, wateja watakimbia. Mwingine akasema kama si kwa fulani basi kwa fulani, na fulani mwenyewe alikuwa amekaa pale pale. Sauti zikaanza kupanda. Mtaa ule ulikuwa na wanawake wawili ambao hawakuwa wamesalimiana mwaka mzima kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, na hakuna aliyetaka ugomvi wa pili.

"Acheni wazi," alisema Mwenyekiti. "Tusigombane kwa kitu ambacho hakijajengwa. Huko juu kuna wataalamu, watajua wenyewe pa kukiweka."

Watu wakashusha pumzi. Fundi naye alishusha. Akachora nukta nzuri, zilizopangika, kuanzia upande huu wa karatasi mpaka upande ule, akaendelea na mstari uliofuata. Watu sabini na wawili walitia saini, wakitaniana kuhusu saini ya muuza mkaa iliyoacha doa jeusi kwenye karatasi. Fundi alirudi nyumbani mwepesi. Alimwambia binti yake kwamba moshi karibu utakwisha.

Ilipita miezi minne. Asubuhi moja walikuja wanaume wawili, mmoja na futi ya chuma, mwenzake na vigingi vya mbao, wakaingia kwenye kiwanja kitupu kilichopakana na ukuta wa Fundi. Kiwanja hicho hakikuwa cha mtu. Watoto walichezea, naye alianika vitambaa akishavifua. Walipima, wakagonga kigingi cha kwanza, wakapima tena, wakagonga cha pili. Kutoka kigingi cha pili mpaka dirisha la binti ilikuwa hatua nane. Baadaye alizihesabu mara nyingi, za mtu mzima na za mtoto.

Aliwaamkia, akawauliza kwa adabu wanapima nini.

"Kizimba, mama," alisema mwenye futi. "Si mliomba wenyewe?"

Akamwonyesha nakala. Ulikuwa mwandiko wake, wima kama marinda ya sketi. Ila juu ya zile nukta, mkono mwingine ulikuwa umeandika kwa haraka: eneo la wazi, pembeni ya nyumba ya fundi cherehani. Kibao alichokipaka rangi yeye mwenyewe, akakitundika ukutani ili wateja wasipotee, ndicho walichokitumia kupatambulisha mahali.

Fundi alirudi ndani, akakaa kitandani kwa mtoto, akashika tama. Binti alimwuliza wale ni nani. Akamjibu wanapima kiwanja, na huo haukuwa uongo.

Mwenyekiti alikuwa ameinamia gurudumu alipomkuta. Kwanza alijaribu mzaha, kwamba sasa Fundi hatatembea mbali kutupa taka. Alipomtazama usoni akaiweka chini bisibisi. Barua imeshavuka mikono yake, alisema, hawezi kuikimbiza. Ila kuna tangazo. Sheria inataka jambo kama hilo litangazwe kwenye ubao wa ofisi ya kata kwa siku kumi na nne, na mwenye pingamizi aandike.

"Limebandikwa lini?"

Mwenyekiti alijikuna kidevu. "Siku nyingi kidogo."

"Na wewe uliliona, baba?"

"Niliona lipo, Fundi. Sikulisoma."

Alilikuta chini ya tangazo la chanjo ya mbwa, kona moja tu ikichungulia. Ilibidi ainue karatasi ya juu kwa kidole na kusoma ameinamisha shingo, huku mlinzi akimtazama kama mwizi. Tarehe ilikuwa ya siku nane zilizopita. Zilibaki sita, na kati ya hizo mbili zilikuwa za mwisho wa juma, ofisi imefungwa. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena kama vile vidole vingeongezeka.

Ofisa mtendaji wa kata, kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi sana, alimsikiliza huku akiandika kitu kingine. Akamwambia pingamizi la mtu mmoja halina uzito. Kama watu sabini na wawili wameomba, basi alete na yeye sabini na wawili wanaopinga.

Alimwamini, kwa kuwa yule alikuwa nyuma ya meza na yeye alikuwa mbele yake. Siku tatu kati ya zile sita zilikwenda hivyo. Cherehani ilifunikwa kitambaa, sare za watu zikalala, naye akawa anagonga mlango kwa mlango na daftari la mtoto mkononi. Hakuna aliyemfukuza, na hilo ndilo lililomuumiza. Walimkaribisha, wakampa kiti, wakamwuliza hali ya mtoto, wakamhurumia kwa dhati. Kisha mmoja alikuwa hana kalamu, na alipopewa kalamu akakumbuka hana miwani. Mwingine alingoja mume arudi. Muuza mkaa alisema yeye saini yake ni mbaya, itamharibia barua.

Mama Mapacha, ambaye walichotana chumvi miaka tisa, ndiye pekee aliyesema wazi. Alikuwa ananyonyesha mmoja, mwingine amelala mkekani.

"Dada, nikusainie, halafu wakihamishie wapi? Hakuna kiwanja kingine ila kile cha mlangoni kwangu. Ni kwako au ni kwangu."

"Wa kwangu anaumwa, mwenzangu. Unamjua."

"Namjua. Na hawa nao nikingoja waumwe?" Alimhamisha mtoto upande wa pili bila kuinua macho. "Barua uliiandika wewe, dada. Sikukushika mkono."

Fundi alitoka pale, akagonga mlango uliofuata. Jioni aliikunjua karatasi, akakuta saini nne. Moja yake mwenyewe, moja ya shemeji yake, moja ya mzee asiyesikia, ambaye yawezekana alidhani anasainia kitu kingine, na moja ya mlevi aliyetaka kusaini mara mbili. Mumewe, mwashi aliyekuwa mji mwingine kwenye ujenzi, alipopiga simu alimwambia aende akaseme tu kwamba alikosea. Akamwuliza, aseme kwa nani? Sauti za koleo na zege zikasikika nyuma ya mume, kisha akasema amsalimie mtoto.

Siku ya tano alikwenda manispaa kwenyewe. Hakuwahi kuingia jengo lile. Alidhani mtu huingia akiitwa. Alipita dirisha la leseni, akapelekwa la ardhi, la ardhi likamrudisha la leseni, mpaka akatua mbele ya mama mmoja wa masijala, chumba cha mafaili kilichokuwa mwisho wa ukumbi. Mama yule alikuwa mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na hakuonyesha dalili ya kumwonea huruma. Aliivaa, akasoma zile saini nne, akauliza ni za nini.

Fundi akamweleza. Mama wa masijala akavua miwani.

"Nani kakwambia ulete sabini na wawili?"

"Mtendaji wa kata."

"Amekupotezea muda. Anayeumizwa na jambo anatosha kupinga peke yake. Andika jina lako, nyumba yako, sababu yako. Sababu iwe na cheti cha zahanati nyuma yake, si machozi. Leta nakala mbili. Moja naipokea mimi, ya pili nakugongea mhuri ubaki nayo, maana isiyo na mhuri hapa tunafungia vitu. Mwisho ni kesho, saa tisa na nusu dirisha linafungwa."

Fundi aliuliza kama akishaileta atakuja kujieleza. Mama wa masijala akatikisa kichwa. Kikao cha madiwani kiko wazi kwa mwananchi yeyote, alisema, lakini ni wazi kwa macho na masikio. Kuongea ni diwani wako anayekuongelea, kwa hiyo umtafute kabla. Tena siku za bajeti, miezi mitano nyuma, manispaa ilialika wakazi waje waseme lori ngapi zinunuliwe na zipite wapi. Walikuja watu sita.

"Nilidhani ni vikao vya wenyewe," alisema Fundi.

"Wenyewe ni nyinyi," alijibu yule mama, naye alishaanza kutafuta faili la mtu mwingine.

Kesho yake ilikuwa mbio. Tabibu hakufika mpaka saa tano. Foleni ilikuwa ndefu na Fundi alikuwa na binti mkononi, maana cheti hakitolewi bila mgonjwa. Mtoto akaandikiwa, mhuri wa zahanati ukawa umefungiwa kabatini, mwenye ufunguo amekwenda kula. Walipotoka ilikuwa saa tisa kasoro. Alitaka kukimbia lakini mtoto hawezi kukimbia, na kumwacha njiani hakuthubutu. Basi walitembea kwa mwendo wa pumzi za mtoto, hatua ishirini na kusimama, hatua ishirini na kusimama, Fundi akitabasamu ili binti asione roho ilivyo juu. Dirisha la masijala lilikuwa limebaki wazi nusu. Mhuri ukagongwa saa tisa na dakika ishirini na sita.

Diwani alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Fundi alimngojea amalize kumwuzia mtu misumari. Diwani alimpa mkono, akamwita mama yangu, akasoma nakala yake yote akiwa amesimama, jambo ambalo mtendaji hakulifanya.

"Nitalisema kikaoni," alisema. "Lakini nielewe na mimi, mama. Watu sabini na wawili waliomba kizimba na nimewapatia. Ndilo jambo langu la kwanza lililofika mwisho. Nikisimama kulipinga mwenyewe, nitawaambiaje?"

"Waambie mtoto atakufa, mheshimiwa."

Diwani aliikunja karatasi taratibu, akamrudishia, akamwambia tena atalisema.

Siku ya kikao Fundi aliketi viti vya nyuma, gauni lake la harusi za watu, nakala yenye mhuri mapajani. Nyuma pale walikuwa wawili tu, yeye na babu mmoja aliyekuja kupoa chini ya feni. Vipengele vilikuwa ishirini na vitatu, chake cha kumi na tisa. Yalisomwa majina ya barabara, ya vibanda, ya machinjio. Kila kimoja kilimalizika kwa maneno yale yale, nani anaunga mkono, na viganja vikapigwa mezani. Akaanza kuviogopa vile viganja.

Cha kumi na tisa kilichukua muda mfupi kuliko kushona kifungo. Diwani alisimama na kweli akalisema, sentensi mbili, kwamba kuna pingamizi la mkazi mmoja mwenye mtoto mgonjwa, na cheti kipo. Ofisa afya akafungua ramani. Umbali kutoka kizimba mpaka ukuta wa jirani unazidi kiwango, akasema, kwa nusu mita. Diwani wa kata nyingine akauliza kama lori litapita kila siku. Akajibiwa kwamba malori ni mawili, kata ni kumi na moja.

Fundi alijikuta amesimama. Hakuwa amepanga. Karani wa kikao akamwashiria kwa kiganja akae, mwenyekiti wa kikao akainua macho.

"Mwananchi, keti tafadhali."

"Analala hapo," alisema Fundi. "Dirisha lake ndilo hilo."

Mwenyekiti wa kikao akarudia, kwa upole zaidi, aketi. Akaketi. Walinong'onezana mbele kule, kisha ikatangazwa: kizimba kijengwe kama kilivyopangwa, kiwe cha majaribio, na taarifa yake iletwe kikao cha kawaida kinachofuata, baada ya miezi mitatu. Viganja vikapigwa.

Nje, kwenye ngazi, diwani alimfuata akihema kidogo. Alikuwa na furaha ya kweli usoni.

"Umepata nusu, mama. Wengi hawapati hata hiyo."

"Nusu ya nini, mheshimiwa? Kifua cha mtoto hakina nusu."

Diwani akaitwa na mtu, akaenda.

Kizimba kilijengwa kwa siku mbili. Majirani walikuja na ndoo zao, wakipita mbele ya cherehani waliangalia chini au walisalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mama Mapacha alimtuma mtu kumtupia taka zake. Juma la kwanza lori lilikuja mara moja. La pili halikuja. Taka zikafurika ukuta, nzi wakaingia ndani, na Fundi akawa anazisukuma mwenyewe kwa reki kila asubuhi, uso amefunga kitambaa, akizisogeza angalau hatua moja mbali na dirisha ambalo sasa halikufunguliwa kabisa. Chumba kikawa joto kama tanuri. Aliandika kila tarehe ambayo lori halikuja, maana mama wa masijala alimwambia kwamba kikao kijacho hakitaki habari, kinataka tarehe.

Juma la tatu, saa nane mchana, mtu alimwaga majivu yaliyokuwa bado na moto. Moshi haukuwa mkubwa. Ulikuwa mzito, wa plastiki na nguo mbovu, ukatambaa ukutani ukaingia chini ya mlango. Fundi alikuwa ameinama kuvisha uzi kwenye sindano. Alipomfikia mtoto, hakukuwa na kikohozi wala mluzi. Mabega yalikuwa yanapanda tu, na kucha zimegeuka kijivu. Kichupa cha dawa ya kuvuta kilisaidia kidogo sana. Muuza mkaa, yule yule, aliacha magunia yake akambeba mtoto kwenye mkokoteni mpaka zahanati, akikimbia na kusukuma watu bila kusema neno. Waliwahi. Tabibu alisema waliwahi kwa dakika ambazo asingependa kuzihesabu, na kwamba mtoto huyu asirudi nyumba ile.

Basi hakurudi. Fundi alimpeleka kwa wifi yake, upande wa pili wa mji, nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba. Wifi alimpokea vizuri, akamwonyesha pa kulala, kati ya binamu wawili. Fundi alipanga nguo za mtoto kwenye kona ya sanduku la watu, akazikunjua, akazipanga tena. Alirudia saa za dawa mara tatu mpaka wifi akamwambia, amesikia, mama, naye ana watoto.

Binti alimsindikiza hadi mlangoni.

"Ni mpaka lini, mama?"

"Mpaka kikao."

"Kile ulichokwenda?"

"Kinachofuata."

"Halafu ndiyo nitarudi?"

Fundi alimfunga kifungo cha shingoni ambacho kilikuwa tayari kimefungwa. Alitaka kusema ndiyo. Alikuwa amezoea kusema ndiyo.

"Nitauliza," alisema.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja masijala, daftari la tarehe kwapani, akauliza kikao kinachofuata ni siku gani. Mama wa masijala alipekua kitabu, akasema tarehe haijapangwa. Ikipangwa itabandikwa ubaoni.

"Ubao upi?"

"Huo hapo nyuma yako."

Fundi aligeuka akautazama. Ulikuwa umejaa, karatasi juu ya karatasi. Akavuta benchi la wageni mpaka chini yake, akaketi.

"Leo haitatoka, mama," alisema yule wa dirishani.

"Najua," alisema Fundi, na hakuinuka.